Gor na Ingwe: Straika wa Bure Ndiye Huja na Bei Kubwa

Kila dirisha la usajili likifunguliwa Kenya, vita ni vile vile. Shabiki wa Gor Mahia anaposti picha ya straika ameshika jezi ya kijani. Baada ya saa moja shabiki wa AFC Leopards anajibu na picha ya straika wake. Halafu mabeshte wawili waliosoma pamoja wanatukanana wiki mzima juu ya nani amesajili vizuri. Na kuna sentensi moja lazima itatokea: "Na sisi tumempata bure!"

Hiyo "bure" ndiyo nataka tuongelee leo. Nimefuatilia historia ya hizi timu mbili, na ukiniuliza mimi, hakuna neno limewaumiza K'Ogalo na Ingwe kama hilo. Mchezaji huru, yaani yule ambaye mkataba wake umeisha na hakuna klabu ya kulipwa ndio ahame, anaonekana kama zawadi. Mara nyingi ni deni limevaa buti.

Kabla mtu aniite shabiki wa upande fulani: mimi ni wa Masaku. Huku kwetu hakuna mtu anazaliwa akiwa Gor ama Ingwe vile mtoto wa Kisumu ama Kakamega anazaliwa. Sisi hizi timu zilitupata uwanjani, pale Kenyatta Stadium, zikija kucheza kama Nyayo na Kasarani hazipatikani. Kwa hivyo niko katikati, na katikati unaona mambo mengi.

Zamani hakukuwa na "huru"

Turudi nyuma kidogo. Abaluhya ilianza 1964. Gor Mahia ikaanza 1968. Zote zilikuwa timu za jamii. Mwaka wa 1980 serikali ya Moi ikasema majina ya kikabila yatoke kwenye klabu, ndipo Abaluhya ikawa AFC, All Footballers Confederation, na baadaye watu wakazoea Leopards. Lakini jina likibadilika damu haibadiliki. Mechi yao bado inaitwa dabi ya Mashemeji kwa sababu Wajaluo na Waluhya wameoana tangu zamani.

Enzi hizo mpira ulikuwa wa heshima na marupurupu. Mchezaji alikuwa na kazi yake kando. Chukua J.J. Masiga, straika wa Ingwe wa miaka ya 80. Huyo msee alikuwa daktari wa meno, na bado alikuwa anacheza raga na Mean Machine. Sasa mtu kama huyo utamshika na mkataba gani? Alicheza kwa sababu alitaka, na kwa sababu jamii nzima ilikuwa inamwangalia.

Na hawakuwa wabaya. Ingwe ilichukua kombe la klabu la CECAFA 1979, halafu mara tatu mfululizo 1982, 1983 na 1984. Gor ilichukua 1980, 1981 na 1985. Hesabu mwenyewe: kutoka 1979 hadi 1985 hilo kombe halikutoka kwa hawa mashemeji wawili. Halafu 1987 Gor ikaenda mbali zaidi, ikachukua Kombe la Washindi la Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia. Sare ya 2-2 kule Tunis, sare ya 1-1 Kasarani, bao la ugenini likaamua. Peter Dawo akiwa mbele. Hakuna timu nyingine ya Kenya imewahi kuchukua kombe la bara kwa upande wa wanaume.

Sisemi tulirudie hilo enzi. Mchezaji alikuwa anaumia goti na hana bima, na klabu ikimaliza naye basi. Uaminifu wa bure pia ni njia ya kumtumia mtu. Ninachosema ni kwamba timu zetu zilijifunza kuishi bila kulipa. Hiyo tabia ilibaki hata baada ya dunia kubadilika.

Bosman alibadilisha mchezo

Dunia ilibadilika tarehe 15 Desemba 1995. Mbelgiji mmoja, Jean-Marc Bosman, mkataba wake na RFC Liège ulikuwa umeisha mwaka wa 1990. Alitaka kwenda Dunkerque, Ufaransa. Liège wakasema lazima walipwe kwanza. Yaani kazi imeisha, mkataba umeisha, na bado wanakushikilia kama mbuzi wa soko. Bosman akaenda kortini, na Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema hapana: mkataba ukiisha, mtu aende. FIFA nayo ikapanga upya kanuni zake za uhamisho 2001, na leo mchezaji wa nchi yoyote akibakisha miezi sita ama chini kwa mkataba wake, anaweza kuongea na klabu nyingine na kusaini mapema.

Hapo ndipo "mchezaji huru" akazaliwa. Lakini elewa vile hesabu inafanya kazi. Zile pesa klabu ya kwanza ingelipwa hazipotei hewani. Mchezaji anajua amekuokolea kitu, kwa hivyo anataka pesa nono za kusaini na mshahara mkubwa. Ajenti wake naye anataka lake.

Tuseme, mfano tu, straika anakuja bure lakini anataka laki tano ya kusaini na laki moja kwa mwezi kwa miaka miwili. Laki moja mara 24 ni milioni 2.4. Ongeza laki tano. Huyo "wa bure" ni karibu milioni tatu, kabla ya nyumba na bonasi. Na tofauti na kumnunua, hapa hulipi mara moja ukasahau. Unalipa kila mwisho wa mwezi, udhamini ukiwepo ama usipokuwepo.

Mwaka wa 2018 FIFA ikaongeza kitu kingine: klabu ikikosa kumlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili, anaipa notisi ya siku 15, na ikinyamaza anaweza kuvunja mkataba kwa haki na kudai fidia. Shika hiyo miezi miwili. Tutairudia.

Miaka ya neema ya Gor

Gor ilikaa miaka 18 bila ligi, kutoka 1995 hadi 2013. Ikirudi, ilirudi na nguvu: 2013, 2014, 2015. Ile ya 2015 ndiyo tamu zaidi kwa sababu ilimaliza msimu bila kufungwa. Mbele kulikuwa na Michael Olunga, kijana aliyepitia Thika United, akafunga mabao 19 na mwaka uliofuata akaenda Djurgården, Sweden. Huyo alikuja kijana akaondoka kama mali.

Halafu Gor ikaangalia Rwanda. Meddie Kagere alifika 2015 baada ya kucheza Albania na KF Tirana. Jacques Tuyisenge akafika 2016 kutoka Police FC ya Kigali. Hao wawili wakiwa pamoja, mabeki wa ligi yetu walikuwa wanaomba mvua inyeshe mechi iahirishwe. Gor ikachukua ligi 2017 na 2018. Juni 2017, fainali ya SportPesa Super Cup ikachezwa Dar es Salaam na waliokutana ni nani? Mashemeji. Gor ikamchapa Ingwe 3-0, na zawadi ikawa kucheza na Everton kule kule Dar. Ile mechi Wayne Rooney alifunga akirudi Everton, lakini Tuyisenge pia alifunga. Everton walishinda 2-1 kwa jasho.

Sasa sikia hii. Juni 2018, Afraha, Nakuru, fainali ya kombe hilo hilo. Gor 2, Simba ya Tanzania 0. Kagere akafunga, Tuyisenge akafunga. Wiki chache baadaye Kagere alikuwa amevaa jezi ya Simba. Walifungwa naye, wakaenda nyumbani, wakarudi na mkataba. Msimu wake wa kwanza Tanzania alifunga mabao 23, wa pili 22, mfungaji bora mara mbili mfululizo, na Simba wakachukua ligi zote mbili.

Hiyo hadithi ndiyo ilipaswa kutuamsha. Simba hawakuwa na siri. Walikuwa na mshahara unaofika tarehe inayofaa.

Na Ingwe wakati huo? Ligi yao ya mwisho ni 1998. Walipata Ngao ya GOtv 2017 kwa kumpiga Kariobangi Sharks, na hiyo si kidogo. Lakini kwa ligi, walikuwa wanabadilisha makocha na mastraika kila msimu kama mtu anabadilisha kava ya simu.

2019: straika wawili huru, mwaka mmoja

Kama unataka kulinganisha Gor na Ingwe vizuri, chukua 2019 peke yake.

Januari 2019, Gor inatangaza Dennis Oliech. Manze, hiyo siku nchi ilisimama. Huyu ni mtu wa Nantes na Auxerre, mtu wa mabao 34 kwa Harambee Stars. Alikuwa huru kabisa, hana klabu, na alikuwa anakaribia miaka 34. Kwa jina, hakuna usajili mkubwa kama huo umewahi kufanyika kwa ligi yetu. Jezi zikauzwa, kamera zikaja.

Katikati ya mwaka huo huo, Ingwe inamchukua John Makwatta, akitoka kucheza Zambia. Makwatta hakuwa na jina la Ulaya, lakini alikuwa na takwimu za hapa: mfungaji bora wa ligi 2016 akiwa Ulinzi Stars, mabao 15. Umri wake ulikuwa ule wa straika kuiva.

Kwa karatasi, nani alisajili vizuri? Mimi nasema Ingwe. Gor ilinunua kumbukumbu, Ingwe ilinunua mabao. Na uwanjani ikaonekana. Oliech alifunga kidogo, akaumia, na kabla mwaka haujaisha Gor ikavunja mkataba wake baada ya yeye kutangaza anataka kiti cha ubunge cha Kibra. Makwatta naye alianza msimu wa 2019/20 akiwa moto, kati ya wafungaji wa juu kabisa wa ligi.

Lakini angalia vile hadithi iliisha. Agosti 2019 SportPesa, baada ya mvutano na serikali kuhusu leseni na ushuru, ikatangaza kuondoa udhamini wake wa michezo Kenya. Gor na Ingwe zote zilikuwa zinakula kwa hiyo sahani. Sahani ikatolewa na wageni bado wako mezani. Desemba 2019 kocha wa Ingwe, Mnyarwanda Casa Mbungo, akajiuzulu kwa sababu ya mishahara. Januari 2020 Makwatta akaenda ZESCO United, Zambia, katikati ya msimu. Usajili bora wa mwaka ulidumu nusu mwaka.

Gor nayo ilikuwa inavuja. Tuyisenge alienda Petro de Luanda, Angola, 2019. Francis Kahata, kiungo aliyekuwa anawalisha mastraika wote, mkataba wake ukaisha na akaenda Simba. Mwaka uliofuata beki Joash Onyango naye akaenda Simba. Gor bado ilipewa ligi ya 2019/20 baada ya korona kuisimamisha, lakini ile timu iliyochukua ligi ilikuwa inavunjika ikishangilia.

Unaona mchezo? "Bure" huingia kwa mlango wa mbele na kutoka kwa mlango wa nyuma. Ukimpata mtu bure kwa sababu klabu yake ilishindwa kumshikilia, na wewe pia ukishindwa, ataenda bure vile vile.

Bili ikafika

Deni halina aibu. Miaka iliyofuata, kwa vipindi tofauti, klabu zote mbili zilifungiwa na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya watu waliowahi kuwafanyia kazi. Kwa Ingwe, deni la Casa Mbungo lilikuwa mojawapo. Kwa Gor, wachezaji wa zamani walidai pesa zao. Kanuni ni rahisi: FIFA ikiamua ulipe na usilipe, inaweza kukufungia madirisha mpaka matatu. Na wahenga walishasema dawa ya deni ni kulipa. Si kubadilisha mwenyekiti, si kuchangisha kwa WhatsApp wiki ya dabi.

Hapo ndipo kitu cha ajabu kilitokea. Ligi ya 2022/23 ilichukuliwa na Gor, na straika wao mkuu hakuwa mtu wa kuchukuliwa sokoni akiwa na jina. Alikuwa Benson Omala, kijana aliyesajiliwa akitoka Kisumu, bado mdogo, akalelewa hapo hapo. Alifunga mabao 26. Na bado hakuwa mfungaji bora! Elvis Rupia wa Kenya Police, aliyewahi kuvaa jezi ya Ingwe, alifunga 27 na kuvunja rekodi ya Maurice Ochieng "Sonyi" iliyokuwa imekaa tangu 1976. Msimu uliofuata Omala akawa mfungaji bora na Gor ikachukua ligi tena.

Soma hiyo aya mara ya pili ukiwa shabiki wa Ingwe na uniambie kama haiumi. Mtu aliyevunja rekodi ya miaka 47 alikuwa kwenu. Aliondoka, akafungia wengine.

Majirani walifanya nini

Mtu ataniambia, "Lakini Tanzania wanasajili wachezaji huru kila mwaka na wanashinda." Kweli. Julai 2024 Yanga ilimchukua Clatous Chama, Mzambia ambaye alikuwa moyo wa Simba tangu 2018, baada ya mkataba wake kuisha. Kutoka Msimbazi hadi Jangwani bila ada ya uhamisho. Dar iliwaka moto. Simba nao wakajibu kwa kuleta vijana, akiwemo Jean Charles Ahoua kutoka Ivory Coast.

Matokeo? Ahoua akawa mfungaji bora wa ligi na mabao 16, na Simba wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, wakafungwa na RS Berkane. Yanga wakachukua ligi, ya nne mfululizo. Dabi iliyoamua ilichezwa 25 Juni 2025 na Yanga wakashinda 2-0. Bao la mwisho lilifungwa na nani? Si Chama. Ni Clement Mzize, kijana aliyekuzwa na Yanga wenyewe.

Kwa hivyo hata mahali ambapo pesa iko, mchezaji huru ni viungo vya pilau, si mchele. Tofauti yao na sisi ni kwamba mchele wanao: wadhamini wanaokaa, haki za televisheni zinazolipwa, na mishahara inayomfanya Chama aende Yanga kwa sababu anachagua, si kwa sababu anakimbia.

Hapo ndipo penye shida yetu. Bosman alipigania uhuru wa mtu ambaye mkataba wake umeisha. Wachezaji wetu wengi wanakuwa huru kwa sababu mshahara umekwama mpaka ile miezi miwili ikapita. Huo si uhuru. Ni kufukuzwa polepole.

Kwa hivyo nani mshindi?

Kwa usajili wa straika, nampa Gor ushindi kwa miaka kumi iliyopita. Lakini nampa kwa ajili ya Olunga, Kagere, Tuyisenge na Omala, watu walioletwa kwa mpango. Kwa Oliech simpi kitu, pamoja na heshima yangu yote kwake. Ingwe nampa pointi kwa jicho zuri: Makwatta na Rupia walikuwa chaguo sahihi. Shida ya Ingwe haijawahi kuwa macho. Ni mfuko, na wale wanaoushika.

Na hii si stori ya Nairobi peke yake. Hapa Machakos kuna vijana wanacheza kila jioni, na kuna siku mtu atakuja na karatasi na kalamu aseme, "Wewe uko huru, saini hapa tu." Ukifika hapo, uliza maswali matatu. Mshahara ni ngapi na unalipwa tarehe gani? Nikiumia nani analipa hospitali? Mkataba umeandikishwa na shirikisho, na nakala yangu iko wapi? Akianza kukasirika, hiyo pia ni jibu.

Nanyi mashabiki, dirisha likifunguliwa tena, msiulize tu nani amesajiliwa. Ulizeni kama yule wa msimu uliopita amelipwa.